Gauni la Dirishani

4 Machi

Dada,

Kabla hujaanza kuuliza: binti yako Kifaranga ni mzima wa afya, anakula, analala, na jana alichovya mkono mzima kwenye kopo langu la rangi akampapasa paka. Paka naye mzima. Cherehani yako nimeifunika shuka, hakuna anayeigusa.

Nimepata kazi maktaba ya umma, ile iliyo nyuma ya posta. Ukumbi wote wa kusomea, kuta na dari. Miaka yote nimepita mlangoni pale nikidhani ni mahali pa watu wenye miwani. Sasa ili nipake ukuta lazima nisogeze makabati, na ili nisogeze makabati lazima kwanza nitoe vitabu. Kimoja kikubwa kama sinia kikanifungukia mikononi. Dada, picha! Si za kamera, za kupakwa kwa brashi. Mimi nimeshika brashi tangu nitoke shule na sikujua kwamba mtu anaweza kupaka rangi ukaona kitambaa, tena ukaona na mwanga umekaa juu ya hicho kitambaa. Nilisimama pale mpaka rangi ikanikaukia kwenye brashi.

Mkutubi, mama mmoja mkali ambaye mimi namwita Bibi Maktaba, akanijia kimya kimya. Nikajua kazi imeota mbawa. Akasema, "Kanawe mikono kwa sabuni, kisha uje unionyeshe." Nikanawa, nikamwonyesha mbele na nyuma kama mtoto wa chekechea. Basi siku hizi wenzangu wakienda kula mchana, mimi nanawa na kusoma. Vitabu vile havitoki nje ya ukumbi, kwa hiyo nitakuwa nakunakilia. Karatasi ya pili ina shairi la mtu aliyesimama kibarazani kwa watu akisubiri mvua ikatike arudi kwao, na mvua haikatiki. Nililisoma nikakukumbuka wewe na wodi yako ya kifua.

Vidonge vinakwendaje? Usinifiche kitu.

Mdogo wako,
Madoa

11 Machi

Madoa wewe,

Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama nakohoa. Huku wageni hawaruhusiwi, na hata kucheka kunaandikwa kwenye faili.

Shairi nililisoma kwa sauti baada ya chakula. Nilidhani watanizomea. Wakaniambia nirudie, na yule wa kitanda cha mlangoni akajifunika blanketi usoni akalia. Hata jirani yangu Mama Redio alisikiliza mpaka mwisho, na huyo ni mtu ambaye habari isiyotokea bado yeye tayari anayo. Sasa kila jioni wanalidai. Mimi ambaye mashairi nilikuwa nayaona adhabu ya darasani!

Kifua kinatulia. Vidonge ni kiganja kizima kila asubuhi, na muuguzi hasogei mpaka nimeze nifungue mdomo aone. Daktari amesema majibu yakiendelea kuwa safi ataniruhusu nikamalizie dawa nyumbani. Unajua nimeisubiri hiyo kauli kiasi gani. Ila Mama Redio anasema kuna mgonjwa alilalamika masikio yanavuma, wakamwondolea dawa na kumwanzisha upya toka siku ya kwanza. Kwa hiyo wodi hii hakuna mgonjwa. Ukituuliza, sote wazima.

Niletee na picha. Nataka kukiona hicho kitambaa chenye mwanga. Mshonaji ni mimi, si wewe.

Mwambie Kifaranga mama yake anakuja.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Picha ndiyo hiyo, usiikunje. Bibi Maktaba alikuwa na kiboksi cha rangi za maji kilichosahauliwa kwenye chumba cha watoto, akanipa bila kutabasamu.

Nimenakili ile iliyonishika zaidi. Mwanamke anashona dirishani. Gauni lake jekundu, nyuma yake pazia la kijani, mapajani kitambaa cheupe. Hakuna kingine, lakini huwezi kuondoa macho, maana lile pazia ndilo linalolifanya gauni liwake. Mimi hupaka ukuta rangi moja nikaenda zangu. Sikuwahi kufikiri kwamba rangi inamtegemea jirani yake. Mikono yangu imezoea brashi pana, kwa hiyo pua ya mwanamke imeharibika kidogo, usimcheke. Ila nyekundu nimeichanganya mwenyewe na ninajivunia.

Kifaranga alipoiona akasema, "Mama anashona." Nikatoka nje kidogo.

Ibandike karibu na kitanda.

Madoa

27 Machi

Madoa,

Mwanamke nimempokea. Pua nimeisamehe. Mkono anavyoushika uzi umeupatia kabisa, nilijiona mimi mwenyewe.

Lakini hiyo nyekundu unayojivunia iko wapi? Gauni na pazia umevipaka tope moja! Mshono wa mtu umemezwa na pazia, sioni hata bega linaishia wapi. Mteja akiniletea vitambaa hivyo viwili aniambie kimoja chekundu kingine kijani, namrudisha dukani. Au rangi zako zilikuwa za zamani zikachujuka njiani? Nakurudishia uone mwenyewe.

Shairi la pili tumelipenda, ingawa refu.

Dada yako

4 Aprili

Dada,

Sikutegemea hilo kutoka kwako.

Nimeifungua bahasha, nimeitoa picha juani. Gauni ni jekundu kama lilivyotoka hapa. Halijachujuka hata kidogo. Nikadhani mapenzi yamenipofusha, nikampelekea Bibi Maktaba bila kumwambia kitu, nikamuuliza gauni rangi gani. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Unaniuliza kwa uzito au unanipotezea muda?" Akasema nyekundu ya nyanya.

Dada, niambie sijasoma, nakubali. Niambie pua mbaya, nakubali. Lakini rangi ndiyo chakula changu. Watu wakinipa mlango wa kupaka hawanipimi kwa kitu kingine. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha jambo hili, tena wewe peke yako, nawe unaniambia tope.

Ya kwanza nabaki nayo, nakutumia ya pili iliyo kali zaidi. Itazame mchana, karibu na dirisha.

Madoa

12 Aprili

Mdogo wangu,

Haya, usinune. Ya pili nzuri. Mdomo wangu unaujua tangu utoto, haukuanza leo. Tusigombane kwa karatasi wakati mimi niko huku.

Itakuwa taa. Taa za wodi hii ni za njano na zimechoka. Hata mimi zimeniaibisha. Muuguzi aliniomba nimshonee kitufe cha sweta lake, lile jekundu. Nikamshonea vizuri, nikakaza, nikakata uzi kwa meno. Mama Redio akapiga kelele wodi nzima: nimemshonea kwa uzi wa kijani! Wamecheka mpaka basi, eti mshonaji gani huyu. Nami nikacheka, nikasema ndiyo mtindo mpya.

Tumepimwa wiki hii. Uzito, masikio, macho, damu, vyote nimepita. Bado majibu ya makohozi tu. Nipimie Kifaranga kifua na urefu uniandikie, nataka nikirudi nianze na nguo yake.

Usiseme kwa mtu habari ya kitufe. Wateja wana masikio marefu.

Dada yako

19 Aprili

Dada yangu,

Yamekwisha, sijanuna. Kifaranga nimempima kwa kamba, vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Hatulii, kwa hiyo ongeza kidogo.

Nimeirudia ile picha kwa mara ya mwisho, nataka tumalize ubishi. Safari hii nimetulia nayo. Gauni jekundu nimelikoleza, pazia la kijani nimeliacha lipoe nyuma yake. Mwanamke na anachoshona sijawagusa. Itazame vizuri mchana, kisha uniambie ukweli wako wote kama mshonaji. Usinionee huruma.

Ukumbi wa maktaba umebaki dari tu. Nikimaliza sijui nitaingiaje tena mle bila ngazi. Bibi Maktaba anasema mlango huwa haumuulizi mtu ngazi.

Madoa

26 Aprili

Madoa wangu,

Sasa ndiyo umepatia! Hilo ndilo gauni jekundu. Linawaka, na pazia la kijani limekaa nyuma kwa adabu kama ulivyosema. Umekuwa mchoraji kamili, naomba radhi kwa yote niliyosema. Sijamwonyesha mtu, nimeificha chini ya mto niifaidi peke yangu.

Daktari amesema majibu yakija safi narudi nyumbani. Ombeni tu. Mimi silali vizuri kwa kuwaza.

Dada yako

1 Mei

Dada,

Gauni ni la kijani.

Kwenye ile picha nilibadilisha. Mwanamke nimemvika kijani na pazia ndilo nimelipaka jekundu. Barua nikaiandika kinyume makusudi. Nilikuwa nikiomba unijibu kwa matusi, uniambie Madoa umerukwa na akili, kijani hiki unakiitaje nyekundu? Badala yake umenisifia.

Sikutaka kukuchezea. Niliposoma habari ya kitufe, niliirudia mara tatu. Wewe, ambaye hujawahi kukosea rangi ya uzi hata usiku kwa mwanga wa taa, umshonee mtu sweta jekundu kwa uzi wa kijani? Taa za njano zipo hata nyumbani kwetu. Na mimi mjinga nilikuwa nabishana na wewe juu ya rangi yangu, nikitetea sifa, wakati macho yako yanakwenda. Nimepoteza wiki ngapi kwa kununa.

Bibi Maktaba alinisomea kwenye kitabu cha afya. Zipo dawa za kifua ambazo kwa baadhi ya watu hugusa macho, na rangi ndizo hupotea mwanzo. Kimeandikwa pia kwamba daktari akiambiwa mapema anaweza kuziondoa na macho yakarudi. Akichelewa kuambiwa, hawaahidi kitu. Nilimwomba anisomee tena mstari huo nikitumaini nimesikia vibaya.

Mwambie muuguzi leo. Ukishapata barua hii, usiimalize, nyanyuka umwambie.

Madoa

6 Mei

Madoa,

Umenitega kama panya.

Haya, najua. Nimejua tangu siku ya kitufe. Nyekundu imeondoka, kijani kimeondoka, vyote vimekuwa rangi ya chai. Na sasa nikisoma mashairi yako, katikati ya mstari pana kiwingu. Siku ya kupimwa macho walileta kitabu cha vidotodoto vya rangi, unasoma namba iliyofichwa ndani. Sijawahi kuogopa kitabu cha picha, hicho nilikiogopa. Mama Redio alitangulia akaninong'oneza namba zote, nikazikariri, nikazitaja moja baada ya nyingine. Muuguzi akasema vizuri sana.

Sasa nisikilize. Majibu yapo njiani. Nikisema macho, watanianzisha upya. Hebu fikiri: nikae tena muda wote niliokaa, na Kifaranga ameshaanza kunisahau. Usibishe. Kwenye barua zako siku hizi huandiki tena kwamba ananiulizia. Nitoke kwanza. Nikifika nyumbani nitakwenda hospitali yoyote utakayotaka, hata kesho yake.

Usithubutu kuandika kwa wauguzi. Ukinisema, jua huna dada. Sitanii.

Mama Kifaranga

9 Mei

Kwa Muuguzi Mkuu wa Wodi ya Kifua,

Mimi ni mdogo wake mgonjwa wako mshonaji, yule anayewasomea wenzake mashairi. Naomba apimwe macho leo, peke yake, asitanguliwe na mtu, na mpindue kurasa za kile kitabu bila kufuata mpangilio. Haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Ninaambatanisha nakala za picha mbili nilizomchorea, ya gauni jekundu na ya gauni la kijani, na barua yake moja uone mwenyewe.

Amenikataza kukuandikia. Anaamini mtamwanzisha matibabu upya. Tafadhali mwambieni ukweli wa jambo hilo kabla hamjamwambia lingine lolote. Na msimgombeze. Ana mtoto mdogo.

Fundi rangi, mdogo wake

14 Mei

Kwa Fundi Rangi,

Barua yako nimeipokea na mgonjwa amepimwa siku hiyo hiyo. Hakuweza kusoma ukurasa hata mmoja. Daktari amesimamisha kidonge kimoja na kuweka kingine mahali pake. Matibabu yanaendelea kutoka pale alipofika. Hatumwanzishi mtu upya kwa sababu amesema ukweli, na hilo nimelitangaza wodi nzima kwa sauti.

Kuhusu macho, daktari anatumaini yatarudi, ila polepole, na hawezi kusema kwa kiasi gani. Kutoka kwake kutasogea mbele kidogo, kwa kuwa tunataka kumwangalia.

Amekataa kuongea na mimi. Sweta ninalivaa na kitufe chake vilevile.

Muuguzi Mkuu

28 Mei

Dada,

Hujanijibu, na sistahili kujibiwa. Muuguzi ameniandikia, kwa hiyo najua. Najua pia kwamba hukuanzishwa upya, lakini najua unavyokasirika, na kuwa na haki hakutanisaidia.

Ulikuwa sahihi juu ya Kifaranga. Nilikuficha. Haulizii tena kila siku, na wiki iliyopita aliniita mama kwa bahati mbaya. Nimeibandika ile picha ya kwanza, yenye gauni jekundu, karibu na anapolala. Asubuhi tunaiamkia. Mimi namuuliza nani huyu, naye ananijibu.

Ukumbi wa maktaba nimeumaliza. Siku iliyofuata nilirudi bila ngazi, nimenawa, nimevaa shati. Bibi Maktaba alisogeza kiti kwa mguu akaendelea na kazi yake. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa vidole. Sikupata shairi la kukunakilia lenye ninachotaka kusema, nikajaribu kulitunga. Ni langu, ndiyo maana ni baya. Muombe Mama Redio akusomee kama kiwingu bado kipo.

Nilichora kwa uongo, ukweli nipate ona,
Usinipe tu mgongo, dada yangu nakuona,
Macho hayalipwi hongo, dukani hutayaona,
Nipige hata kwa gongo, mradi tu utapona.

Madoa

30 Juni

Dada,

Sikulazimishi. Niandikie neno moja tu, hata tusi. Au mwambie Mama Redio aandike. Kila bahasha ikipita mlangoni naikimbilia, nikiona ni bili ya umeme nakaa chini. Usiku nawaza nimekupotezea muda kwa ubishi wangu, na daktari amekuta mlango umeshafungwa. Kama huoni tena, niambie. Nitakuja kukusomea dirishani kwa sauti mpaka wanifukuze.

Kifaranga amejifunza kushika brashi.

Madoa

3 Agosti

Madoa,

Mara ya kwanza niliposikia shairi lako nilikuwa nimelala nimeupa ukuta uso, na Mama Redio akalisoma wodi nzima bila ruhusa yangu. Walipofika kwenye gongo wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo, na nyuma yake hofu, na hofu ndiyo ilikuwa kubwa. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukwambia. Ningekwambia nimekusamehe na bado kila kitu ni rangi ya chai? Ungekufa kwa majuto. Ningekwambia sijakusamehe? Ungekufa pia, nakujua.

Ile picha uliyonitegea sikuichana. Muuguzi ana zile mbili ulizompelekea, hii ilibaki chini ya mto. Nikaibandika ukutani, mahali mtu akigeuka ndipo macho yanapoangukia. Kila asubuhi nikishameza vidonge na kufungua mdomo, naitazama kabla ya kitu kingine. Mwezi wa sita wote ilikuwa tope. Mwezi wa saba tope. Nikawa naichukia na siwezi kuacha kuitazama. Kiwingu kilitangulia kuondoka, nikaanza kusoma tena mwenyewe, nikawasomea wenzangu lile la mvua. Lakini gauni na pazia vikabaki vimeshikana vilevile. Nikaanza kupanga maisha ya mshonaji anayemuuliza mtoto wake huu uzi rangi gani.

Wiki iliyopita bega la mwanamke lilijitenga na pazia. Nikadhani natamani tu. Sikumwambia mtu, hata muuguzi, na safari hii si kwa kuficha, ni kwa kuogopa kulifukuza.

Leo madirisha yamefunguliwa mapema. Nimemeza, nimefungua mdomo, nimegeuka. Gauni bado limefifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno. Nimelitazama mpaka chai ikapoa. Nimemwita Mama Redio, nikamwambia asiseme neno, mimi ndiye nitataja rangi, yeye aitikie tu kwa kichwa. Akaitikia.

Toa shuka kwenye cherehani, Madoa, uitie mafuta.

Gauni ni la kijani, mwongo mkubwa wewe.

Dada yako